Dolina Mackay na Barabara ya Achavoulin

Ijumaa tarehe 28 Machi, Bi. Dolina Mackay anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Ushauri ya Strathmoy kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, ashike nafasi ya mwenzetu aliyekwenda kujifungua. Mwenye nafasi hakurudi, na Dolina hakuondoka.

Kila aliyepita mikononi mwake anajua somo lake la kwanza. Huku kwetu kaskazini mwa Uskoti, aliyejiajiri anaishi ndani ya gari. Kila mwezi anaripoti mapato yake kwa idara ya ustawi ili apate ruzuku, na mwaka ukiisha anaripoti tena kwa watu wa kodi. Wengi walikuwa wakitaja walichoingiza na kusahau kilichowatoka njiani. Dolina aliwafundisha kutoa kwanza gharama za safari, peni arobaini na tano kwa maili. Ukichukua hizo, usidai tena petroli wala tairi, zimo humohumo. Safari ya kwenda kwa mteja inahesabika. Ya kwenda dukani kumnunulia shangazi mkate haihesabiki, hata kama shangazi ana njaa.

Torquil, mpiga fidla wa harusini, aliwahi kumuuliza kama maili za kupotea nazo zinadaiwa.

“Ulipotea ukienda harusini au ukirudi?” Dolina akamuuliza.

“Nikienda, bibie. Wakati wa kurudi nililala hukohuko.”

“Basi dai. Umepotea kikazi.”

Alipandishwa cheo mara mbili, akakataa mara ya tatu kwa sababu ofisi mpya ilikuwa haina dirisha. Ila kesi atakayokumbukwa nayo ni ya Jessan Mowat. Dolina ameniruhusu niisimulie, kwa sharti nisiipambe.

Jessan alikuwa msusi wa kuzunguka majumbani, mama wa watoto wawili, mgeni katika wilaya yetu. Siku moja aliingia ofisini uso umempauka. Idara ilikuwa imesimamisha ruzuku yake kwa tuhuma za udanganyifu. Alidai maili za kwenda Achavoulin, nyumba iliyo mwisho wa barabara ya mbugani, kila baada ya wiki mbili, kumkata nywele Bi. Effie Sutherland. Idara ilikuwa imegundua kwamba Effie alifariki miaka mitatu nyuma, kabla Jessan hajanunua hata mkasi.

“Lakini nilimkata nywele Alhamisi iliyopita,” Jessan alisema. “Alinipigia simu mwenyewe. Ananipa chai. Ananilipa.”

Kijana mmoja wa mapokezi alitaka kucheka, akamwona Dolina, akaacha.

“Unakwenda tena lini, mwanangu?”

“Alhamisi ya wiki ijayo.”

“Tutakwenda wote.”

Walifika mchana, jua likiwaka. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya njia, na juu yake zilionekana alama za magurudumu ya gari moja tu, la Jessan. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani jikoni palikuwa na ubaridi wa nyumba iliyokwisha kusahauliwa, vumbi kila mahali isipokuwa kwenye kiti kimoja kando ya dirisha.

Jessan alisimama mlangoni, hakuingia. “Siku zote palikuwa na moto,” alisema. “Nikimaliza nafagia nywele, nazitia motoni.”

Dolina alifungua mlango wa jiko. Hapakuwa na jivu. Palikuwa na nywele nyeupe, zimejaa, hata unywele mmoja haukuungua.

Jessan akaanza kulia, taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika. Ndipo kiti kikalia, kile kilio cha mti mtu anapokaa. Dolina anasema aliwaza: huyu mama amengoja wiki mbili.

“Ni Alhamisi,” akamwambia Jessan. “Fanya kazi yako. Mimi nipo.”

Jessan alitoa kitana na mkasi, akaanza kazi. Dolina hakuona mtu yeyote kitini. Aliona nywele zikianguka.

Wiki iliyofuata alimpigia simu ofisa wa idara, nami nilikuwa nimekaa meza ya pili. Alimweleza kwamba kanuni inauliza mambo machache: je, safari ilikuwa ya kazi, kazi ilifanyika, malipo yaliripotiwa? Haiulizi hali ya mteja.

“Ushahidi wa kazi ni nini, mama?” ofisa aliuliza.

“Nilikuwepo. Niliona nywele zikianguka.”

Kisha yule ofisa akauliza, kwa sauti ya chini, kama yule bibi alionekana kuridhika. Dolina akasema anadhani ndiyo. Kabla mwezi haujaisha ruzuku ya Jessan ilirudishwa, na maili zake zote za Achavoulin zikakubaliwa.

Jessan hakurudi kule tena, na hakuna aliyemlaumu. Alihamia Inverness, akapata kiti kwenye saluni yenye taa nyingi na watu wengi.

Baada ya hapo tuliona kwamba Dolina huondoka mapema Alhamisi moja na kuacha nyingine. Hurudi kesho yake na nywele nyeupe zimenasa kwenye sweta, ilhali zake ni nyekundu mpaka leo. Mimi ndiye ninayepitisha gharama za safari za ofisi, na kwa miaka yote hiyo sijaona hata maili moja ya upande ule. Mwishowe nilimuuliza kwa nini hadai, yeye anayewahimiza watu wadai hadi maili za kupotea.

“Ile si safari ya kazi, mwanangu,” alinijibu akivaa glavu. “Naenda kumwona mtu.”

Dolina, wenzako wote wanakushukuru. Umetupa miaka yako mizuri na ulimi wako mkali, na hatukuwahi kukulipa kiasi cha haki. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na barabara zisizo na barafu. Kuanzia sasa Alhamisi zote ni zako. Tusalimie Bi. Effie.