Asali Isiyokubali Kubanwa

Benchi la Severini, fundi baiskeli wa karibu na soko la Ifakara, lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi ile upande wa tofali alikalia Nikodemu, shati limepigwa pasi, chupa ya asali kaibana kwa magoti. Miguuni pake vilitapakaa vigae vya chupa mbili, na sisimizi walishafika. Ng'ambo ya barabara lori la Kiberege lilikuwa linapakia. Huko Kiberege wakwe walikuwa wanangoja posa, na desturi ya nyumba ile haikuwa na mzaha: asali ya mposaji hufika imejaa mpaka kwenye kizibo. Ukionekana upepo chini ya kizibo, hata wa unene wa kidole, basi kijana kaleta nusu ya neno, na hurudishwa nayo. Chupa hii ilikuwa ya tatu, na ya mwisho.

— Ya kwanza nilipiga nyundo mara nne, alisema Nikodemu. Ya pili, mara tatu na nusu. Kizibo kikiingia kidogo tu, tako la chupa linang'oka.

— Tatu na nusu ndiyo ngapi? aliuliza Severini, ambaye kijiweni walimwita Pampu.

— Ile nusu niliijutia ikiwa njiani.

Mbaruku muuza kahawa alimmiminia kikombe.

— Kunywa, bwana harusi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Na kikijaa kinapasuka! Umeona lakini? alisema Pampu, akigonga tairi lililokuwa begani mwake. Upepo ni abiria wa lori. Limejaa, utingo anasukuma, na bado anaingia mwingine na kuku wake. Asali ni wazee wa kanisa kwenye benchi la mbele. Ongeza mmoja uone, benchi litavunjika kabla mzee hajasogea.

— Siyo asali tu. Hata maji, alisema Leodegar, aliyeketi upande wa pili wa benchi.

Huyu aliwahi kuwashikia fimbo wapima mto, na tangu hapo jina lake likawa Futi Sita.

— Kiboko akiingia mtoni, maji yanabonyea? Yanapanda! Nilisoma mwenyewe kwenye fimbo. Maji yangekuwa yanabanwa, masika yote ya bonde hili tungeyashindilia kwenye debe moja, tukaketi juu ya mfuniko mpaka kiangazi.

— Na ukiinuka kwenda kujisaidia? aliuliza Pampu.

— Mnapokezana. Watu wa kijiji cha Mbingu wanakaa Jumatatu, wa Kisawasawa wanakaa Jumanne.

— Jumapili je, watu wakiwa kwenye misa?

Futi Sita alihesabu siku kwa vidole.

— Jumapili ndipo mafuriko yanapotokea.

Nikodemu aliutazama mdomo wa chupa. Asali ilikuwa imetuna juu ya ukingo kama jicho.

— Mnakosea nyote, alisema Mbaruku. Asali ina malkia. Kila tone linakumbuka mwiba. Wewe unalipiga nyundo bila hata kubisha hodi! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa upi, Mzee Mbaruku? Nitumie nini basi?

— Kitu kilicho hai. Kizibo cha mti kimekufa, hakina adabu. Nyama inajua kupisha.

Kule ng'ambo lori lilipiga honi. Nikodemu, ambaye siku nyingine asingesikiliza neno la kijiwe hata kuhusu mvua, alichovya dole gumba la mkono wa kulia mdomoni mwa chupa. Taratibu. Asali ilipanda, ikapita kando ya dole, ikashuka mpaka kiganjani. Chupa haikulia. Ndani hakukuwa na hata tone la upepo.

— Imekubali! alipiga kelele Pampu. Nenda, nenda!

— Nikilitoa?

— Upepo unaingia na mke anatoka. Usilitoe mpaka Kiberege!

Wakamwinua wote watatu, wakamfuta vumbi, Futi Sita akamvika kofia. Ndipo akapita Mama Balbina, mwenye sinia la vitumbua kichwani. Vijana wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akimkagua Nikodemu kuanzia kofia, akashuka kwenye shati, mpaka lile dole lililomezwa na chupa.

— Safari ya wapi, mwanangu?

— Kwa wakwe, mama. Kuposa.

— Heri. Na ukifika, baba mkwe utampa mkono upi?

Honi ikalia mara ya pili. Pampu akamtazama Futi Sita, Futi Sita akamtazama Mbaruku, naye Mbaruku akainamisha dele la kahawa juu ya kikombe kilichokuwa kimejaa tayari.