Soksi za Lorna na Taa ya Mzee Elmer

Baada ya miaka ishirini na minane nyuma ya kaunta ya Duka la Mizizi na Mwanga, hapa mjini Nelson, Bi. Lorna Kabatoff anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 1 Machi 2024. Alianza kazi mwaka 1996, nywele zake zikiwa nyeusi na duka likiwa dogo kuliko gereji ya mwenye duka. Leo nywele ni nyeupe, duka limepanuliwa mara tatu, na sisi tunaobaki tunatazamana kama watoto waliosahauliwa shuleni.

Siku hizi watu wananunua vifaa vya kukuzia bangi kama wanavyonunua mkate. Lorna alianza enzi ambazo neno hilo halikutamkwa dukani. Kila mteja alikuwa mkulima wa nyanya. Wanaume wenye ndevu hadi kifuani walinunua taa kubwa katikati ya theluji ya Januari, wakasema ni za nyanya, naye akawauliza kwa uso mkavu kama zinaiva vizuri. Miaka yote hiyo aliletewa nyanya mara moja tu, na aliyezileta alikuwa mkulima wa nyanya kweli. Lorna alimkumbatia mbele ya watu.

Sheria ilipobadilika na kila nyumba ikaruhusiwa miche minne ya bangi, watu walimiminika. Wengi walikuwa wastaafu wenye migongo mibovu na kipato cha kuungaunga. Walikuja wameshika simu, wakituonyesha taa ya LED ya mtandaoni, wati elfu moja kwa bei ya chakula cha jioni. Lorna akaweka kipima umeme juu ya kaunta, na tangu siku hiyo hakuna taa iliyopanda rafu kabla ya kuchomekwa pale. Taa ya wati elfu ikionekana inavuta mia na ushee, boksi lake liligeuzwa likatazama ukuta. Nilimwuliza kwa nini asilitupe tu.

"Liache likae na aibu yake," alinijibu.

Mteja akianza kuuliza bei, Lorna alimkata kauli: "Usiniambie taa, niambie hema." Hema la kukuzia miche ndani ya nyumba, la mita moja kwa mita moja, linataka wati mia mbili na nusu hadi mia tatu, za kweli, zinazotoka kwenye soketi. Taa iwe pana, vijitaa vyake visambae, isichome katikati na kuacha pembe gizani. Iwe na kitufe cha kupunguza mwanga, maana mche mchanga haulishwi kama ng'ombe. Iwe na dhamana ya mtu anayepokea simu. Na asiye na pesa apunguze hema, asipunguze taa. Nimesikia maneno hayo mpaka nayaota, na bado sijaona yakikosea.

Ila kisa kimoja lazima nikieleze, kwa sababu nilikuwepo na mpaka leo sijapata wa kumfananisha na Lorna.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, Mzee Elmer Fosbery, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo, alikuja kutafuta taa. Mkewe, Marguerite, ana maumivu ya mishipa ya miguu, na mafuta ambayo Elmer huyatengeneza kutokana na miche yake mwenyewe ya bangi ndiyo humpa usingizi. Ya dukani pensheni yao haiyawezi. Taa yake ya zamani ya sodiamu ilikuwa inakula umeme hadi wakafikiria kuacha kilimo. Lorna akamchagulia taa ya LED iliyobonyea pembeni, ya bei ya chini, yenye mwanga wa kulitosha hema lake. Elmer akaondoka anapiga mluzi.

Baada ya majuma machache akarudi na jani ndani ya mfuko wa sandwichi.

"Dada Lorna, umeniuzia jeneza," alisema. "Majani yamekuwa ya zambarau, miche imegoma kukua. Chupa ya Marguerite inaishia. Nipe ile taa kubwa pale juu, nitajua nitakula nini."

Muuzaji mwingine angeshachukua ngazi. Lorna alilitazama lile jani, akavaa koti.

"Mzee, taa hiyo nilikuchagulia mimi. Kama kuna kosa, ni langu. Hununui kitu leo. Twende."

Niliendesha mimi, kwa kuwa barabara ilikuwa na barafu na Lorna akiendesha hutazama milima. Tulipofika tulivua mabuti mlangoni, kama ilivyo kila nyumba huku, tukashuka kwa soksi hadi chumba cha chini. Lorna alifunika kamera ya simu kwa kipande cha karatasi nyeupe, akaitumia kupima mwanga katikati na kwenye pembe zote. Ulitosha. Akatia kidole kwenye udongo. Unyevu ulikuwa sawa. Kipimajoto cha Elmer, kilichoning'inia juu karibu na taa, kilionyesha joto zuri kabisa. Elmer alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi, akitungoja tumwambie la kumwambia mkewe.

Lorna akatazama soksi zake. Nikaona anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua wa pili.

"Mzee, mwaka jana ulikuwa unashuka huku na nini miguuni?"

"Soksi tu."

"Ulisikia baridi?"

Elmer akafikiri. "Hata kidogo. Kulikuwa na joto kama jikoni."

"Basi ile taa ya zamani ndiyo ilikuwa jiko lako," Lorna alisema polepole. "Tumekutolea jiko, na hakuna aliyelikumbuka, hata mimi. Taa haina neno. Miche yako imesimama peku juu ya zege, mizizi inapigwa baridi."

Vipimo vyetu vyote vilikuwa vimesema kila kitu kiko shwari, na sote tulisimama kwenye baridi ileile. Ni yeye peke yake aliyeisikiliza miguu yake.

Hakuuza chochote. Alitandika mbao za povu la kuzuia baridi chini ya vyungu, akashusha ndani ya hema kile kisanduku cha umeme kinacholisha taa, kwa kuwa nacho hutoa joto, kisha akahamisha saa za mwanga ziwe usiku, baridi inapokuwa kali. Elmer alimwuliza amlipe nini. Akasema chai.

Mche mmoja ulikufa. Mitatu ilirudi. Chupa iliisha kabla ya mavuno, Marguerite akapitia majuma magumu sana, na kila Jumapili Lorna alimpelekea supu ya kabichi aliyofundishwa na bibi yake na kukaa naye. Halafu asubuhi moja simu ya duka ikalia.

"Mwambieni Lorna nimelala mpaka kumekucha," Marguerite alisema. "Sasa analalamika Elmer, eti nakoroma kama lori lake."

Lorna aliingia stoo, akalia, akatoka, akamuuzia mtu mfuko wa udongo. Tangu hapo, kabla ya hema, swali lake la kwanza likawa: "Sakafu yako ni ya nini?"

Wapendwa, tukutane Ijumaa saa sita mchana. Marguerite atakuja na mkongojo wake na jozi ya soksi za sufu alizozifuma majira yote yale ya baridi, nyakati alizokuwa hapati usingizi na nyakati alizoanza kulala. Tunaomba kila mtu avue mabuti mlangoni, bosi akiwemo. Sakafu ya duka letu ni ya zege na hatutatandika zulia. Tunataka tusimame mbele ya Lorna kama alivyosimama yeye kwa Elmer.

Asante, Lorna, kwa mwanga wote uliotupimia. Tunakutakia maisha mema na marefu, yenye joto kuanzia chini.

Curtis Holowaty, kwa niaba ya wafanyakazi wote