Mwalimu Abdiwahab na Kaburi la Jirani Myahudi

Tarehe 31 Julai 1997, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kushika chaki, Mwalimu Abdiwahab Rage anastaafu. Alianzia Wajir mwaka 1964, akahamia hapa shuleni kwetu Garissa mwaka 1967, na ukiondoa miaka mitatu aliyokuwa Sangailu, hajaondoka tena. Kuandika wasifu huu ni kazi yangu kama mwalimu mkuu. Ingekuwa heri angepewa mtu mwingine.

Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa ramani alizozichora mwenyewe kwenye magunia ya unga. Siku moja mwaka 1978 alianika ramani ya dunia nyuma ya darasa ikauke rangi, mbuzi wa jirani akaja akaila Ulaya yote. Mwalimu aliingia darasani na kipande kilichobaki, akatangaza kwamba mbuzi amelipiza kisasi cha mkutano wa Berlin, akaendelea na kipindi. Swali kuhusu mkutano huo lilipotoka katika mtihani, hakuna aliyelikosa.

Lakini somo lililompa jina ni lile la majirani. Watoto wetu, kama ijulikanavyo, hutaja baba, babu na baba wa babu hadi kizazi cha kumi bila kuvuta pumzi. Mwalimu aliwaacha wataje, kisha akawauliza: huyo babu yako, jirani yake alikuwa nani? Jibu likabidi litafutwe kwa wazee, na kazi ya nyumbani ikawa imepatikana.

Ndivyo darasa la sita la mwaka 1993 lilivyojifunza habari za Myahudi wa Garissa. Mtu huyo alitoka Aden miaka ya thelathini, akawa mnunuzi wa ngozi, akakaa mlango kwa mlango na baba yake Bibi Fatumo Awil. Jumamosi hakugusa moto kwa sababu ya dini yake, na Fatumo, wakati huo msichana mdogo, ndiye aliyemwashia jiko. Homa ilipomuua mwaka 1946, hapakuwa na mtu wa dini yake karibu. Majirani Waislamu walimchimbia kaburi nje ya mji, wakapanga mawe juu yake ili fisi wasimfikie. Baba yake Fatumo alilichukua kaburi lile kuwa amana, akamwachia binti yake. Mwalimu aliwapeleka watoto huko kwa miguu, Bibi akawasimulia, nao wakarudi wakaandika insha ndefu kuliko zote walizowahi kuandika. Nilisimama dirishani nikazisikia zikisomwa. Zilinigusa.

Sasa niseme la aibu. Wakati huo nilikuwa naibu, na roho yangu ilikuwa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mzazi mmoja alinijia akilalamika kwamba watoto wanafundishwa Uyahudi. Ningeweza kumweleza nilichokisikia dirishani. Nilimwambia nitalishughulikia. Wiki ile Mwalimu alikuwa Wajir msibani, na mkaguzi alikuwa anatarajiwa. Nikalitoa darasa la sita likalete mawe ya kupanga kando ya njia, kutoka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera, na mahali pa kuyachukua niliwaonyesha kwa kidole changu mwenyewe. Msichana mmoja, Ruweyda, aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, hiyo mawe si ya kaburi?" Nikamjibu kwamba mawe ni mawe. Kufikia jioni yalikuwa yameshikwa na saruji na kupakwa chokaa. Mkaguzi aliisifu sana njia ile.

Mwalimu aliporudi, nilimwambia kwamba watoto wamekosea mahali pa kuchukua mawe. Walikuwa wamesimama pale pale, wakanitazama, na hakuna aliyethubutu kunikanusha. Mwalimu hakumchapa mtu. Aliwaongoza hadi kwa Bibi Fatumo, akaomba radhi, akasema kosa la wanafunzi ni la mwalimu wao. Bibi alimjibu mbele yao wote, "Miaka arobaini na saba hii kaburi nalinda. Fisi haikugusa. Ni shule ndio imegusa, wallahi."

Mwezi uliofuata Mwalimu aliomba mwenyewe uhamisho wa Sangailu, maana hakuweza tena kupita mbele ya nyumba ile. Mwaka uliofuata mimi nikapewa kiti nilichokitamani. Bibi Fatumo alifariki mwaka juzi. Mwalimu alisafiri kutoka Sangailu kuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa ya watu. Mimi nilisimama mbele, kwa sababu ya cheo.

Tangu arudi kwetu mwaka jana, Mwalimu huingia shuleni kwa mlango wa jikoni. Tumekuwa tukimtania kwamba anafuata chai. Anaikwepa njia ile, na kati yetu walimu ni mimi peke yangu ninayejua kwamba amebebeshwa mzigo usio wake.

Ruweyda, ulisema kweli, na mimi nilikufunga mdomo. Wenzako wa darasa lile hawakukosea, walitumwa. Jumamosi hii nitayang'oa mawe yale na kuyarudisha yalikotoka. Anayetaka kunisaidia aje kwa hiari yake. Sitamtuma mtu.

Mwalimu Abdiwahab, haya unayasoma leo kwa mara ya kwanza, pamoja na wageni wote, kwa kuwa miaka minne imepita nikishindwa kukuambia tukiwa wawili. Radhi uliyoiomba kwa Bibi Fatumo ilikuwa deni langu, na aliyestahili kuipokea kutoka kwangu hayupo tena. Ahsante kwa kuwafundisha watoto wetu kuuliza jirani alikuwa nani. Shule nzima inakuombea afya, mifugo yenye maziwa na uzee wenye utulivu. Sherehe ikiisha nitasimama mlangoni kuaga wageni, na nitakunyooshea mkono. Ukinipita bila kuushika, utakuwa umenitendea haki.

Mustafe Diriye
Mwalimu Mkuu