Mtu wa 131 Aliyeangushwa na Lyle Kasparek

Dola tano si dola mbili na nusu, na Verna Kasparek, dada wa marehemu, ambaye familia imempa kazi ya kuwasomea historia hii, alilisema hilo asubuhi hii penye ngazi za kanisa, jeneza la mdogo wake likiwa bado mlangoni, wakati Mzee Emmett Quade wa duka la mbegu alipomnyooshea noti mbili za dola moja moja na sarafu mbili za robo, akisema, "Chukua basi, Verna, tuyamalize leo, kwa heshima ya marehemu," naye Verna akamjibu, "Rudisha mfukoni, Mzee, heshima ya marehemu haikatwi nusu," ndipo mchungaji akajipenyeza katikati yao na kuomba watu waketi, kwa hiyo tumeketi, lakini shauri halijaisha, litafikiwa mahali pake, maana historia ya mtu huanza na kuzaliwa.

Marehemu Lyle Joseph Kasparek alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1963, katika shamba la wazazi wake, maili sita kaskazini mwa mji huu wa Pruitt Mills, Nebraska, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Adolph na Bibi Rose Kasparek, akazaliwa jikoni kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara, akapimwa kwenye mizani ya maziwa na kukutwa na ratili kumi na moja, na Verna, aliyekuwa na miaka saba, alipoonyeshwa mtoto alisema, "Mama, huyu si mtoto, huyu ni ndama," maneno ambayo hajawahi kuyafuta.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mjini kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, kisha sekondari hadi Mei 1981, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na mwezi Septemba mwaka huohuo alijiunga na Chuo cha Pruitt Mills kusomea kilimo, ambako alichezea timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, akavaa jezi ya kijani namba 52 na kupewa nafasi ya mlinzi wa kati, kazi yenyewe ikiwa moja tu, kwamba mwenye mpira akija upande wake, aende chini.

Mlioketi safu ya saba hadi ya kumi na mbili pale uwanjani mnajua mengine, mlizivua kengele shingoni mwa ng'ombe wenu mkaja nazo kila Jumamosi, Lyle akimlaza mtu mnasimama wote na kuzitikisa, ng'ombe nyumbani wakitembea kimya, na kinyozi Gus Pohl alikuwa akinyoa namba 52 kwenye kisogo cha yeyote bila malipo, kikiwemo kisogo cha mkuu wa zimamoto, ambaye mkewe hakusema naye wiki nzima, naye Verna, aliyeacha shule darasa la kumi na kujifundisha ufundi wa matrekta kwa kufungua injini zilizokufa, alijifundisha pia kuhesabu mpira, akawa na daftari lenye jalada jekundu, mstari mzima kwa mtu aliyeangushwa na Lyle peke yake, nusu mstari kwa aliyeangushwa kwa kusaidiana, na hakumpendelea mdogo wake hata mara moja, mwenye shaka daftari lipo hapa chini ya Biblia.

Msimu wa mwisho, mwaka 1984, kikosi cha zimamoto cha mji kilihitaji pampu, wenye maduka wakaahidi kuchangia kwa kila mtu ambaye Lyle angemwangusha peke yake, wengi waliahidi robo dola, Gus nusu dola, lakini Mzee Emmett, ambaye hapana aliyempenda Lyle kwa sauti kubwa kumzidi, alibandika katoni dirishani mwa duka lake, kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara, DOLA TANO KILA MMOJA, na watu walipomwambia, "Emmett, utafilisika, yule kijana hachoki," alijibu, "Nifilisike, ilimradi niwaone chini!"

Basi Jumamosi, tarehe 10 Novemba 1984, mechi ya mwisho, Pruitt Mills ikiongoza kumi na tatu kwa kumi, wageni walifika yadi moja kutoka mstari wetu wa goli, ambao wakiuvuka wameshinda, zikiwa zimebaki sekunde tisa na jaribio moja, wakampa mpira mtu wao mkubwa kuliko wote, mwenye ratili mia mbili na arobaini, akaruka juu ya walinzi wa mbele, na Lyle akamdaka hewani, kifua kwa kifua, akamrudisha alikotoka, wakaanguka, na baada ya hapo, narudia, baada ya hapo, mwenzake Randy Tibbets akaanguka juu yao kwa kukosa mahali pa kusimama, jambo ambalo Randy mwenyewe, aliyeketi pale, amelieleza mara mia, "Mimi nilijikwaa tu, jamani."

Verna aliandika mstari mzima, wa mia na thelathini na moja kwa msimu ule, lakini Mzee Emmett alipoleta hundi yake Desemba ilikuwa ya dola mia sita na hamsini, yaani watu mia na thelathini, akadai yule wa mwisho aliangushwa na wawili, Lyle na Randy, na alipobanwa sana alikubali kutoa nusu, "Niliona kwa macho yangu mawili, Verna," na tangu siku ile, kwa miaka thelathini na tisa, amekuwa akiwasimulia wateja dukani jinsi alivyoona, akipanda juu ya magunia ya chakula cha kuku kuonyesha mruko ule, na kila mwaka mtu yule mkubwa anaongezeka ratili kumi.

Marehemu hakugombana naye, alihitimu Mei 1985, na tarehe 3 Juni mwaka huo aliajiriwa kwenye ghala la nafaka la ushirika, akawa mpimaji wa mizani ya malori kwa miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu Desemba 2022, na hakuna mkulima humu aliyewahi kumkuta amepunguza ratili au ameongeza, hata dada yake alipokuja na lori la mahindi akiwa ameketi ndani, alimwambia, "Shuka, dada, wewe huuzwi."

Tarehe 20 Juni 1987 alifunga ndoa katika kanisa hili na Denise Vanicek, mwenye kengele kubwa kuliko zote katika safu ya nane, wakajaliwa watoto wawili, Kurt aliyezaliwa 1989 na Jolene aliyezaliwa 1992, na wajukuu watatu, ambao babu yao aliwafundisha kuangusha magunia, na Denise akawafundisha kuyarudisha mahali pake.

Mwezi Februari 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, madaktari wa mjini Lincoln wakakuta saratani ya kongosho, akatibiwa hadi Agosti, kisha akaomba arudi nyumbani, na Jumamosi, tarehe 30 Septemba, chuo kikicheza ugenini, watu kumi na tisa wa safu zile walikuja uani kwake na viti vyao, wakafungulia redio za magari, na kila mpinzani alipoangushwa walisimama wakatikisa kengele, wakimtazama Lyle barazani kana kwamba kaangusha yeye, naye akacheka mpaka Denise akamkanya, na Mzee Emmett alileta pai ya tufaha, akapiga kelele kuliko wote, halafu robo ya mwisho ya mechi akabeba kiti chake akaondoka, ili kukwepa msongamano wa magari, na magari yenyewe yalikuwa kumi na moja.

Hapo ndipo Lyle alipomshika dada yake mkono, akamwambia, "Umemwona? Ndivyo alivyofanya na siku ile," akaeleza kwamba mwaka 1984, kabla ya jaribio lile la mwisho, aligeuka kuutazama mstari wa goli nyuma yake, akaona nyuma ya goli lori la duka la mbegu linatoka getini, Emmett ndani yake, amekata tamaa anawahi barabara, na Verna alipofoka, "Na umenyamaza miaka yote hii?" alijibu, "Mechi zote nyingine alikaa, dada, na anavyoisimulia ni vizuri kuliko ilivyokuwa, mwache mzee wa watu, mimi nitamdai nini?"

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lincoln, majirani waliovuna mahindi ya Kurt bila kuombwa, wafanyakazi wa ushirika waliosimamisha mizani leo, jambo lisilofanyika wakati wa mavuno, kikosi cha zimamoto kilicholeta jeneza juu ya gari lenye pampu ileile, akina mama waliooka kolache, mikate midogo mitamu ya plamu, inayotungoja ukumbini, na ninyi mliokuja na jezi za kijani na kengele, chuo kinacheza saa saba mchana, mtawahi, ila leo asiondoke mtu kabla ya mwisho.

Lala vizuri, Lyle, umeshuka mizani, na uzito wako umeandikwa kamili.

Wewe, mdogo wangu, ulikuwa mpole, dada yako sivyo, nawe Mzee Emmett, kikapu cha zimamoto kiko mlangoni, dola tano.