Kokwa la Tende

Kijana aliyekaa dirishani kwenye mwendokasi alikuwa ameipakata picha yake ya eksirei kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Bi Sabaha, aliyepandia Gerezani akaketi kando yake, si mtu wa kuona ugonjwa wa mwenzake akanyamaza. "Unaumwa nini, baba?"

"Shikamoo, mama. Kidole. Nilikuwa nafungua robota la mitumba pale Mchikichini, kikavunjika chenyewe. Wanasema ndani ya mfupa mna uvimbe wa gegedu."

"Gegedu hili hili la kwenye supu?"

"Hilo hilo. Miaka yote nalitafuna, kumbe na lenyewe linanitafuna."

Bi Sabaha alicheka, akajigonga chini ya goti. "Acha woga. Mimi ninacho kinundu hapa tangu usichana, kama kokwa la tende, na nimezaa watano nacho. Si wamekwambia siyo saratani?"

"Siyo, mama. Ila daktari kasema vinundu vya namna hiyo hukoma kukua mtu akishakomaa. Kikianza kukua ukubwani, usikae nacho nyumbani. Chako kimetulia?"

"Kimetulia kabisa," alijibu, haraka mno.

Kisha akaukumbuka mto. Tangu Idi amekuwa akiuweka juu ya msala, chini ya goti lile, maana kusujudu kunamuuma, na lawama zote ameutupia uzee.

Basi liliposimama Magomeni Mapipa, kijana aliaga akashuka. Bi Sabaha naye hushukia hapo. Milango ikafungwa angali ameketi, mkono juu ya baibui, anapapasa. Alijiambia ni kokwa la tende tu, lakini vidole vilikuwa vimeshika kitu kikubwa kuliko kokwa.