Jumlisha Ikivuka

Mwalimu wa kwaya alikuwa ndani ya treni akiongea kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka safu ya nyuma. "Wimbo tumeuhamisha tu, dada, tumeupandisha sauti kidogo. Wimbo ni uleule."

Alipokata simu, abiria wa pembeni yake, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akakohoa. "Samahani, ndugu yangu. Kitu kikihamishwa hakibaki kilekile. Mimi nafundisha hesabu. Jumlisha tatu ikivuka alama ya sawasawa, inakuwa toa tatu."

"Basi hiyo tatu yako haina msimamo. Noti zangu zinahama zote pamoja, kama familia."

"Na akihama mmoja peke yake?"

Fundi cherehani aliyeketi mbele yao aliacha kutafuna karanga. Mumewe alihamishwa kikazi mwaka jana, peke yake, na treni hii ndiyo ilikuwa inampeleka kwake. "Jamani," akauliza, "na mume je?"

"Atageuka, mama," alisema wa hesabu, bila hata chembe ya huruma.

"Hageuki, dada," alisema wa kwaya. "Labda apande sauti kidogo."

Treni ikasimama. Fundi akawaonyesha mumewe pale nje: masharubu kayanyoa yote, anapiga mluzi wimbo uleule aliokuwa akiuharibu kila asubuhi nyumbani.

"Si nilisema?" walisema walimu wote wawili kwa pamoja.

Fundi alitoa utepe wake wa kupimia mkobani, akashuka kwenda kumpima upya.