Shibiri Moja ya Picha

"Basi igeuze, itazame ukuta!" Abdullahi alisema, mikono tayari iko kwenye fremu. "Baba yuko katika hali hii, na juu ya kichwa chake kuna sura ya mtu. Malaika wa rehema watapitia wapi, Da Jokha?"

"Watapitia mlangoni, kama wewe uliyepotea tangu Idi," dada yake alimjibu, akamkamata kifundo cha mkono. "Kaitundika Baba mwenyewe. Iguse uone."

Ilikuwa picha nyembamba, ndefu, ya msichana mdogo aliyesimama kwenye maua ya zambarau ya milima ya Uskochi, midomo imechafuka kwa matunda ya porini. Mkono wake wa kulia uliishia ukingoni, bila kiganja. Jokha alikua na mtoto huyo katika nyumba hii ya mtaa wa Stechford, huku ughaibuni. Alipokuwa mdogo alimwamkia kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na kila alipouliza kiganja kiko wapi, baba yake alimjibu, "Kipo."

"Niinueni," Mzee Idarous alisema kitandani. Wakamwegemeza wote wawili kwenye mito. Nje theluji ya Machi ilikuwa inaanguka.

"Sikilizeni, wanangu, wala msinikate kauli, maana pumzi yangu haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba hii igaweni kama sheria inavyotaka, na asiende mmoja wenu kunong'ona kwa wakili. Randa na patasi zangu kule karakana ya fremu ya Hockley ni za Jokha, nawe Abdullahi uridhie, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja kuzinoa wakati wewe ukilalamikia vumbi. Na Gurnam, niliyefanya naye kazi miaka ishirini na sita, mwambieni nimeshasahau kwamba alinivunjia msumeno, ingawa alinivunjia.

"Lakini hayo siyo yanayonikosesha usingizi. Mnamjua Bi Catriona wa Kings Heath, yule Mskochi achoraye utoto wake: watoto na bata vijitoni, watoto juu ya miti, nyasi nyekundu chini ya mbingu ya manjano, mpaka hata mvua yao unaitamani. Zamani, ninyi wadogo, aliniletea picha ya watoto wawili wakichuma matunda mlimani niitilie fremu, akasema maonyesho ni kesho. Futi yangu sikuiona. Nikapima kwa shibiri, kama babu yenu alivyopima milango Lamu, nikajiona fundi kweli kweli. Nikakata mbao, nikaunga, nikapaka rangi ya dhahabu, na nilipoleta picha, fremu ilikuwa fupi. Nilikuwa nimeruka shibiri moja katika kuhesabu.

"Haraka haina baraka, wanangu. Badala ya kukata fremu nyingine, niliikata picha. Nilichukua kisu nikakipitisha kwenye kifundo cha mkono wa huyu mtoto, na kiganja chake kikabaki kule, kimeshikwa na kaka yake. Kipande nikakileta hapa, nikamwambia mama yenu nimepewa. Bi Catriona akaja asubuhi, akatazama, akatazama tena, akasema, 'Ahsante, fundi,' akaenda zake. Tangu siku ile, kila alipoingia karakanani na picha mpya kwapani, nilikuwa nikingoja aniulize. Hakuuliza, nami sikusema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Haki ya Mungu nimeiomba kwa Mungu, lakini haki ya mja nani ataisamehe ila mja mwenyewe?"

Abdullahi alikuwa ameiachia fremu, amekaa sakafuni.

"Mpelekeeni leo. Wewe Abdullahi ndiye utakayeibeba, kwa sababu huipendi. Msipambe maneno. Semeni: baba yetu alikukatia picha yako, anaomba radhi. Akitukana, pokeeni, ni yangu hayo... Jokha, maji. Kidogo tu... Mungu awape ulimi wa kusema mapema. Awape... awaweke karibu karibu, msiwe kama mimi na... Nendeni. Nendeni, mchana mfupi huu."

Jirani yao Muslimo akabaki na mgonjwa. Walipanda basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji, na theluji ilipozidi Abdullahi alifungua vifungo vya koti lake, akaificha picha kifuani. Jokha alitazama dirishani ili asimwaibishe.

Bi Catriona alifungua mlango mwenyewe, mkongojo mkononi, mkono wa sweta umejaa rangi ya kijani. Abdullahi akaifunua picha, akasema kama alivyoagizwa, bila kupamba neno. Jokha aliomba moyoni, Mola wangu, asitufungie mlango.

Kikongwe alimkagua yule mtoto kutoka utosini hadi miguuni. Mabega yakaanza kumtikisika, na Jokha akadhani analia, kumbe anacheka, mpaka ikambidi ashike mwimo wa mlango.

"Yu hai bado? Mpigieni simu niseme naye."

Muslimo akaiweka simu sikioni mwa mgonjwa, na palepale kizingitini, theluji ikimwangukia mvi, Bi Catriona akasema kwa sauti ya kumsikilizisha aliye mbali:

"Fundi! Mtoto huyu nilimchora mara nne akanishinda, kila mara anatoka na uso wa karani wa benki. Asubuhi ile nilipoona hayupo pichani nilitaka kukubusu, nikaona haya. Nimekusamehe, mzee wangu. Nisamehe na wewe, mimi niliyenyamaza."